Sikio la Mjini

Mama mwenzangu, kama na wewe umeambiwa mtoto wako atapewa kifaa cha kusikilizia, kaa hapa kidogo nikueleze kabla hujaanza kushangilia. Furaha itakuja, tena itakuja mbio, itakukimbiza barabarani viatu mkononi. Lakini yapo mambo ambayo hawayasemi kliniki. Si kwa ubaya. Ni kwamba wao hawaijui nyumba yako ikoje mlango ukishafungwa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu. Mume wangu ni seremala, na karakana yake ni kibanda kilichoegemea ukuta wa jiko letu. Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye sote tunamwita Bibi, na binti yetu mmoja. Mtoto huyu ana jina lake zuri la kwenye cheti, lakini Bibi alimwita Chiriku tangu alipoanza kusema, kwa sababu alikuwa akianza kuongea asubuhi hamalizi. Alipokuwa na miaka mitano aliugua homa kali. Akapona, tukashukuru, kisha tukagundua kwamba ukimwita hageuki. Sikio la kushoto lilikuwa limekufa kabisa. La kulia lilibaki na upenyo mdogo tu, ukipiga kelele karibu yake anasikia kama mtu anayesemeshwa ndani ya pipa. Akajifunza mwenyewe kusoma midomo. Maneno hakuyapoteza, ila yalipungua makali, na sauti yake ikawa haina kiasi, mara juu mara chini.

Alipofika miaka kumi, kliniki moja ya mji mkubwa ikaanza mpango wa vifaa vya watoto. Daktari wake ni mwanamke mrefu, anaongea upesi na hazunguki. Alinieleza kwamba kifaa tunapewa kwa majaribio. Tutakuja kila mwezi arekebishe sauti, na atengeneze upya kile kipande laini kinachoingia ndani ya sikio, maana sikio la mtoto linakua. Mwaka wa shule ukiisha atampima. Akiwa amekizoea, ni chake moja kwa moja. Asipokizoea, kitakwenda kwa mtoto mwingine anayesubiri. Na wanaosubiri nilikuwa nimewaona, wamejaa kwenye mabenchi ya nje na mama zao, nikapita katikati yao nimeinamisha kichwa kama mtu aliyeruka foleni.

"Avae tangu anapoamka mpaka anapolala," daktari alisema. "Kikikaa kabatini hakina kazi, mama."

Nikaitikia. Nani asingeitikia.

Mji ule mimi mwenyewe nilikuwa siujui. Nilikuwa nimepita mara moja zamani, usiku, nimelala kwenye basi mdomo wazi. Kwa hiyo tulipotoka mlangoni mwa kliniki siku ile, wageni tulikuwa wawili, mmoja anaogopa na mmoja ameganda kwenye ngazi.

Chiriku aliganda kwa sababu ya fagio. Alikuwepo mfagiaji wa barabara upande wa pili, anafagia majani makavu, shwaa, shwaa, kazi yake ya kila siku. Mtoto akamtazama yule baba kama vile anapiga ngoma ya kifalme. Akaniuliza ni nini kile. Nikamwambia ni fagio. Akasema hapana, analijua fagio, anauliza kile kinachotoka kwenye fagio.

Basi ikawa ni hivyo. Nini hicho? Ni funguo za yule kaka. Nini hicho? Ni mlango wa chuma wa duka unainuliwa. Nini hicho? Mwanamke mmoja alitupita amevaa viatu vya visigino virefu, ko ko ko ko, na Chiriku akamfuata. Sikuwahi hata kumshika. Alimfuata akiwa ameinama, anaangalia vile visigino, na yule dada akiongeza mwendo na yeye anaongeza, mimi nyuma yao na kibegi changu, naita mtoto kwa jina la cheti kama mwalimu mkali. Yule dada alipogeuka, mwanangu akamwambia kwa ile sauti yake isiyo na kiasi kwamba viatu vyake vinaongea. Dada wa watu akacheka, akapiga hatua tatu za ziada kwa ajili yake, akaendelea na safari zake.

Sasa sikiliza onyo la kwanza. Mtoto mwenye sikio moja anasikia sauti lakini hajui inatoka wapi. Daktari alilisema hilo, ila alilisema kwa upole, na mambo ya barabarani hayataki upole. Tulikuwa tunavuka. Lori likapiga honi kutoka kushoto. Chiriku akageuka kulia, uso umemchangamka, anaitafuta honi aone imekaaje. Nilimvuta kwa ukosi wa gauni mpaka vifungo vikaruka. Yeye alikasirika kwamba nimemkatisha. Mimi nilikaa kwenye ukingo wa barabara, naokota vifungo, huku dereva ananiambia maneno ambayo nilishukuru mtoto bado hajayajua vizuri. Kwa hiyo mshike mkono. Akikukatalia mkono, mshike nguo. Usimwamini hata akikuambia amesikia. Amesikia, ndiyo, lakini amesikia upande usio wenyewe.

Baada ya pale nilitaka twende moja kwa moja stendi. Lakini mvua ikatunyima njia, tukaingia kwenye jengo moja la maduka, na ndani yake kulikuwa na lifti. Lifti ile ilikuwa na sauti ya mwanamke. Inafika, mlango unafunguka, inasema, "Ghorofa ya tatu." Chiriku akajibu, "Asante." Akasubiri. Mlango ukafungwa, tukapanda, ikasema, "Ghorofa ya nne." Akasema, "Asante, na wewe umeshindaje?" Tulipanda na kushuka lile jengo lote mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamwambia sijapotea, mwanangu anazungumza na lifti. Akanitazama, akamtazama mtoto, akaona kile kifaa nyuma ya sikio, akatupisha akatuambia ile ya upande wa pili ina sauti ya mwanamume. Hapo ndipo mvua ilipokatika, na sisi hatukujua.

Kuanzia siku hiyo kila mwezi ukawa na mahali pake. Kliniki tulikuwa tunafika asubuhi, daktari anafanya kazi yake, na tukishatoka mji unakuwa wetu mpaka basi la jioni. Chiriku hakuijua mitaa kwa majina yaliyoandikwa. Aliipa majina ya sauti. Mtaa wa washonaji, ambako vyerehani vimepangwa kwenye baraza upande huu na upande huu, aliuita Mtaa wa Mvua ya Bati, na kwa kweli ukifumba macho pale utatafuta mwavuli. Nyuma ya posta kuna kiwanda cha kuchapa vitabu, mashine inavuta pumzi kisha inakohoa, inavuta pumzi kisha inakohoa. Pale ni Kwa Babu Mgonjwa. Kwenye bustani yenye bomba linalorusha maji juu paliitwa Wanacheka. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia nisikilize. Nikasikiliza, na kweli wanacheka.

Duka la ala za muziki ndilo lililotaka kuniua kwa aibu. Aliingia kabla sijamwahi. Kulikuwa na piano kubwa nyeusi, ambayo mimi hata kivuli changu nisingethubutu kukipitisha juu yake. Muuzaji alikuwa mzee mnadhifu mwenye miwani. Nikaanza kuomba radhi tangu mlangoni. Yeye akamuuliza mtoto anataka kusikia ya juu au ya chini. Chiriku akasema ya chini kabisa. Mzee akabonyeza ule mwisho wa mkono wa kushoto, sauti ikatoka nene, ndefu, na mwanangu akalaza shavu juu ya mbao na kufumba macho. Akakaa hivyo mpaka ilipokwisha yote, hata ule mkia wake mwembamba. Kisha akasema, "Hii imeingia mpaka tumboni." Mzee alimwambia kwamba wako watu wanaopiga piano maisha yao yote hawajafika huko. Mimi nilitoka pale najihisi nina kichwa kikubwa kama piano ile nimeitengeneza mimi.

Nikwambie ukweli, nilikuwa naogopa, lakini kuogopa kwangu kulianza kuvaa nguo za kutokea. Siku ya kwenda mjini nilikuwa naamka kabla ya jogoo. Viatu nimevipiga rangi tangu jana. Mume wangu akanitania kwamba anayetibiwa sikio ni mtoto au ni mimi. Bibi akasema niacheni, mama huyu ameonja lami.

Sasa nakuja kwenye kilichonikondesha.

Tukishafika nyumbani, Chiriku alikuwa anakitoa. Anakifuta kwa kitambaa, anakirudisha kwenye kisanduku chake, anafunga. Nikimuuliza anasema hilo ni sikio la mjini. Wiki ya kwanza alikuwa amelivaa nyumbani vizuri tu, kisha akaacha, na hakutaka kusema kwa nini. Nilimwambia, nilimbembeleza, nikamfokea. Sasa mtoto anayesoma midomo usigombane naye, maana akifumba macho umeshindwa kesi. Unabaki unafoka peke yako kama redio.

Na mimi, ngoja nisijipake rangi, kuna upande wangu mmoja uliotulia. Nyumbani kuna mabeseni ya maji ya sabuni, kuna pasi ya mkaa, kuna vumbi la mbao, kuna kuku. Nikawa najiambia, angalau kule kabatini kiko salama. Usijiambie hivyo. Kliniki hawakutoa kile kitu kiwe salama.

Safari moja, ukiwa umebaki mwezi mmoja tu kabla ya kile kipimo cha mwisho, daktari alimjaribu. Alimwekea sauti kwenye mashine yake ya mezani, na mtoto atamke ni nini. Gari la zimamoto, akalijua. Treni, akaijua hata kabla haijakaribia. Mashine ya kuchapa, akacheka, akasema babu bado mgonjwa. Kisha daktari akaweka sauti za nyumbani. Sufuria inachemka. Mtoto kimya. Mlango unafungwa kwa komeo. Kimya. Mtu anasaga kitu kwenye kinu. Akatikisa kichwa.

"Kwenu kuna sauti gani, Chiriku?" daktari aliuliza.

"Kwetu hakuna sauti."

Daktari akaniangalia. Hakunifokea, afadhali angefoka. Akaniambia kwamba mwezi ujao ndio wa kupima. Mtoto anayesikia siku moja kwa mwezi hajafundisha sikio lake chochote, na akimkuta hivi hataweza kumtetea mbele ya wenzake, kifaa kitakwenda kwa mwingine. Akasema pole. Nilipotoka nje, wale mama wa kwenye mabenchi walikuwepo palepale, na mmoja alinisalimia kwa furaha kabisa.

Siku hiyo sikumshika mkono, yeye ndiye aliyenishika. Alinipeleka pale Wanacheka, tukakaa kwenye ukuta mfupi, maji yanaruka. Nilikuwa nimekata tamaa ya kumfokea. Nikageuza uso wangu aone midomo vizuri, nikamuuliza polepole. Nikamwambia sitakasirika, nataka kujua tu.

Alichezea mkanda wa gauni lake muda mrefu.

"Mjini hakuna anayenionea huruma," akasema.

Nikamwambia mbona hata nyumbani hakuna.

"Nyumbani nikigeuka mnaanza."

Mama mwenzangu, hapo ndipo niliposikia mimi. Miaka mitano yote nyumba yetu ilikuwa na desturi moja, na hakuna aliyeipanga. Mtoto akikutazama, unamwambia mambo mazuri, kula, njoo, umependeza. Akigeuza mgongo, ndipo unasema ya moyoni. Tulikuwa tunasubiri kabisa ageuke, kama unavyosubiri mgeni atoke ndio uongee habari zake. Mimi juu ya meza yangu ya pasi nilikuwa namwambia Bibi kila siku: masikini mtoto huyu, nikifa leo atabaki na nani, shule hawezi, nani atamchukua, laiti homa ile ingenipata mimi. Kila siku. Nilikuwa nasema kama watu wengine wanavyopiga mluzi. Na siku tulipomvisha kifaa tulifurahi, tukapiga makofi, halafu akageuka kwenda kuchukua daftari lake, nasi tukaendelea palepale tulipoishia.

Alisikia wiki nzima. Kisha akakitoa, akakiweka akiba kwa ajili ya mahali ambapo viatu vinaongea na watu hawamwongelei.

Sikulia pale. Alikuwa ananitazama, na yeye machozi anayasoma kuliko midomo. Nikamnunulia aiskrimu, nikala na mimi.

Nyumbani niliwakusanya jikoni. Chiriku alikuwa amelala. Nikawaeleza Bibi na mume wangu neno kwa neno. Mume wangu alishika tama, akawa anaokota maranda kwenye suruali yake moja moja kana kwamba ni chawa. Bibi ndiye aliyeruka. Akauliza, kwa hiyo amesikia na yale ya jirani? Nikasema kama yalisemwa wiki ile, ameyasikia. Na ile habari ya shangazi yake na mume wa pili? Nikasema sijui, Bibi, wewe uliisema lini? Akasema anaisema kila wiki. Akajifunika kanga usoni.

Tukakubaliana kwamba kuanzia kesho, la kumhusu mtoto aambiwe mtoto, na lisiloweza kusemwa mbele yake lisisemwe. Rahisi kutamka. Bibi siku ya kwanza alienda kuongea na kuku nyuma ya nyumba, nikamsikia anawapasha habari za mtaa wote. Mimi nilipiga pasi kimya mpaka nikaunguza kola ya mteja. Sikujua kwamba kazi yangu yote ilikuwa inasukumwa na kulalamika.

Lakini kunyamaza kwetu hakukusaidia, maana kifaa kilikuwa bado kabatini, na yeye angejuaje kama tumenyamaza? Kumlazimisha haikuwezekana. Nikafikiri usiku na mchana. Mwishowe, Jumamosi moja asubuhi, nikavaa viatu vyangu vya mjini, vile vya rangi, nikajifunga kitambaa kizuri, nikamwambia avae sikio, tunakwenda kutembea.

Akauliza wapi. Nikamwambia atapaona.

Alivaa upesi. Nikamtoa nje mpaka kwenye njia, tukatembea hadi kwenye duka la kona, tukageuka, nikamrudisha mpaka mlangoni petu, nikabisha hodi. Chiriku alinikata jicho la dharau. Mimi nikaendelea kubisha. Bibi, ambaye sikuwa nimemwambia kitu, akaja akafungua, akatuona tumesimama na mapambo yetu, akaelewa papo hapo. Watu waliokula chumvi nyingi hawahitaji maelezo. Akasimama kama yule mlinzi wa kwenye lifti, akauliza tumepotea au tunatafuta nani.

"Tumekuja kutembea," nikasema. "Mtoto huyu ni mgeni hapa."

"Aingie. Ila asiguse kuku."

Nikamwona anaziba mdomo asicheke. Tukaingia.

Nilimpeleka kwanza kwenye meza yangu. Nikainua pasi, nikachovya vidole kwenye maji, nikanyunyiza shati, nikaiweka pasi juu. Chwaaa. Akaruka nyuma. Akataka tena. Tukalipiga pasi shati lile mpaka likabaki kama karatasi. Akasema nyoka amelala ndani ya shati. Tukaenda karakana. Mume wangu alikuwa anapiga randa, akatuona, akaacha, akauliza wageni wanataka ubao mlaini au mgumu. Chiriku akasema yote. Ubao mlaini unanong'ona. Ule mgumu unabisha. Alimfanya baba yake asugue msasa, apige msumari, apulize vumbi kwenye tundu, na mtu yule ambaye kwa siku nzima husema maneno matano alikuwa anaeleza kila kifaa kama muuza duka. Bawaba ya mlango wa jiko nilikuwa nimemsumbua mume wangu mwaka mzima aitie mafuta. Chiriku alivyoisikia ikilia akasema isiguswe na mtu.

Bibi alipoinuka kwenye kigoda chake, magoti yakalia, ka, ka. Mtoto macho yakamtoka pima. Akauliza kama yamevunjika. Bibi akamwambia yamevunjika tangu zamani, na akampa ruhusa ya kuweka sikio pale wakati anakaa na kuinuka. Bibi wa watu alikaa na kuinuka mpaka akaomba maji.

Ndipo ukaja wakati ambao sitausahau. Chiriku alisimama katikati ya jiko. Akatutazama mmoja mmoja, mimi, baba yake aliyekuwa mlangoni, Bibi. Kisha akatupa mgongo. Akageukia ukuta, mikono imeshikana nyuma, akasubiri.

Alikuwa anasubiri tuanze.

Jiko lote likawa kimya, hata kuku. Kila neno lililonijia lilikuwa la huruma, mengine sikuwa nayo. Mume wangu alinitazama mimi. Mimi nilimtazama Bibi. Na Bibi akavuta pumzi, akasema kwa ile sauti yake ya kila siku, ya kulalamikia vumbi na bei ya sabuni:

"Gauni hilo limechafuka mgongoni kote. Sijui hata kama atakubali kulivua."

Mgongo ule mdogo ukaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alipogeuka alikuwa anacheka mpaka hawezi kusimama.

"Simvulii mtu," akasema. "Mama alifulie humuhumu mwilini."

Jioni ile alilala na kifaa sikioni, mpaka nikamvua mwenyewe akiwa usingizini.

Usidhani kila kitu kilinyooka. Siku nyingine alirudi kutoka shule akakitoa, kelele za darasani zimemchosha. Siku moja kilidondoka kwenye beseni la sabuni kama nilivyokuwa nimeogopa, tukakikausha, mimi nasali, kikafufuka. Na sisi wakubwa tuliteleza. Niliwahi kuanza "masikini mtoto", nikasikia sauti kutoka chumba cha pili ikiuliza, mtoto gani? Lakini kisanduku kilianza kushika vumbi, na mwezi haukuwa mrefu kama nilivyouogopa. Ulikuwa mfupi kupita kiasi.

Siku ya kipimo mikono yangu ilikuwa ya baridi kama nimetoka kufua alfajiri. Daktari alifunga mlango, akaweka sauti zilezile. Sufuria. Chiriku akasema, inachemka, ipunguzwe moto. Komeo. Akasema komeo, ila letu linagoma. Kinu. Akajua. Nyingine mbili tatu akakosea, na moyo wangu ukapanda na kushuka kama ile lifti. Kisha daktari akazima mashine, akamwambia amweleze mwenyewe sasa, kwao kuna sauti gani.

Mtoto akafunguka. Alisema ya nyoka wa kwenye shati. Alisema ya ubao unaobisha. Alisema baba akikoroma kuna kamluzi mwishoni. Alisema kuku akitaka kutaga anagombana na mtu asiyeonekana. Alisema Bibi akidhani Chiriku hayupo karibu anasema daktari ni mzuri ila anatabasamu kwa vipimo kama dawa ya kikohozi, kijiko kimoja asubuhi.

Nilitamani sakafu inimeze, maana Bibi hajawahi kumwona daktari, tabasamu lile nilimsimulia mimi. Daktari aliweka kalamu chini. Halafu akacheka, kicheko kikubwa kisichofanana naye, akafuta macho kwa mgongo wa mkono. Akasema mpelekeeni Bibi salamu, mwambieni leo nimezidisha kijiko. Akasema kifaa ni chake. Akalisema mara mbili maana mimi mara ya kwanza sikulielewa, na ukichukua wote mle chumbani, asiyesikia nilikuwa mimi.

Kisha akaongeza kwamba sasa hatuhitaji kuja kila mwezi. Mara moja kila baada ya miezi sita inatosha.

Uso wa Chiriku ukaanguka. Akauliza kama akisikia kidogo kidogo ataletwa kila mwezi. Daktari akasema hapana. Akauliza, akivaa vibaya je? Akauliza kama sikio lake haliwezi kukua upesi zaidi. Alikuwa amehangaika mwezi mzima apate kile kitu, na siku aliyokipata ndiyo siku aliyonyang'anywa mji. Nikaona anafumba macho, ile yake ya kushinda kesi. Lakini sasa kufumba macho hakukumsaidia, kwa sababu daktari aliendelea kuongea na yeye aliendelea kusikia. Akayafungua mwenyewe, amenuna.

Tulipofika nje nilimuuliza leo ananipeleka wapi. Ilikuwa mara ya kwanza kuuliza hivyo, siku zote nilikuwa nauliza tutarudi saa ngapi. Akafikiri, akaonyesha juu. Kulikuwa na jengo refu la kuegesha magari, wazi pande zote, sisi hatujawahi kulipanda. Tukapanda kwa miguu, njia ile ya mzunguko, magari yanatupita, nimemkamata gauni kwa mikono miwili, mpaka tukafika kwenye paa.

Huko juu hakukuwa na viatu wala vyerehani wala honi. Vyote vilikuwa vimechanganyika kuwa kitu kimoja, kinene, kinachopumua. Chiriku alisimama kwenye ukuta wa ukingo, na mimi nyuma yake, akawa anajaribu kuvichambua. Akasema ule mlio mwembamba ni treni. Nikasema ni basi. Tukabishana. Akasema ule mzito ni babu anakohoa, nikamwambia kutoka huku juu haiwezekani, akaniambia nizibe masikio kwa viganja, kisha niyazibue upesi. Nikaziba. Nikazibua. Mji wote ukaniingia kwa mkupuo, kama mtu aliyefungua mlango wa ukumbi uliojaa watu.

Nikaziba tena.

Kwa hiyo, mama mwenzangu, fungeni midomo yenu kwanza, ndipo mfungue masikio ya watoto. Na jichunge na wewe mwenyewe, hilo nalo nakuonya. Siku ile tulikosa basi la jioni, tukalala kwenye benchi la stendi. Mtoto alikuwa amenikumbusha saa mara tatu. Mimi ndiye niliyekuwa nasema, bado kidogo.